Nzi wa ndizi mbivu amenifundisha kuacha kuandika "mzito" kwenye ripoti (uzi mrefu, vuta kiti)

Ticha_Ruti
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa baolojia, S.5 na S.6 (kidato cha tano na cha sita), upande wa Mbarara, Uganda. Muhula uliopita tulikuwa chumba cha walimu tunajaza ripoti. Mwenzangu mmoja kila akifika kwa mtoto aliyefeli anaandika neno lile lile: mzito. Mzito, mzito, mzito. Nikamuuliza, mzito wa kushika au mzito wa kutunza alichoshika? Akaniangalia kama mtu ambaye bado ana pombe ya jana kichwani. Nikamwambia hayo ni mambo mawili na ushahidi wangu unatoka kwa nzi. Chumba kizima kikacheka. Basi nimeuleta huku, mcheke na nyie, ila mkimaliza someni.

Wale nzi wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka bogoya (ndizi tamu) lililoiva kupita kiasi, wale wanaozama kwenye kikombe chako cha tonto, pombe ya ndizi, kabla hujapiga funda la pili, jina lao la kitabuni ni Drosophila. Wanafunzi wetu wanamjua kwenye karatasi ya mtihani tu: macho mekundu kwa macho meupe, mbawa ndefu kwa mbawa fupi, tafuta uwiano wa watoto. Wanamaliza S.6 hawajawahi kumshika mmoja mkononi, na ilhali wamejaa pale kantini.

Huko California, kwenye chuo cha Caltech, alikuwepo bwana mmoja aitwaye Seymour Benzer. Alianza kama mwanafizikia, akahamia virusi vya bakteria, halafu miaka ya 60 akaingia kwenye nzi na swali lililowaudhi wengi: je, jeni moja tu ikiharibika, tabia inaweza kubadilika? Hakuwa anauliza rangi ya macho. Alitaka tabia yenyewe. Mwaka 1974 yeye na wenzake Quinn na Harris wakaonyesha kwamba nzi anafundishika. Unampa harufu mbili, moja unaiambatanisha na shoti ndogo ya umeme, nyingine unaiacha. Baadaye ukimpa zote mbili bila shoti, anaikimbia ile yenye historia mbaya.

Wakishajua anafundishika, wakageuka upande wa pili: tutafute asiyefundishika. Waliwalisha madume kemikali iitwayo EMS, inayoharibu jeni huku na kule bila mpangilio, wakazalisha koo nyingi, kila ukoo wakauketisha mtihani. Mwaka 1976 wakatangaza ukoo wa kwanza uliofeli, wakaupa jina dunce. Mimi darasani nautafsiri Bongolala.

Hapa ndipo nawaomba msome polepole. Kabla ya kumwita Bongolala, walimpima kila kitu kingine. Harufu anaisikia. Shoti anaihisi na kuiruka. Miguu inakimbia. Kitu kimoja tu ndicho hakifanyiki: kuunganisha harufu na shoti. Kumbe hawakuandika ripoti hadi walipohakikisha mtoto anaona ubao!

Halafu 1979 ukapatikana ukoo mwingine, amnesiac, Msahaulifu. Huyu ukimpima mara tu baada ya somo, anajibu karibu sawa na wenzake. Ukirudi baada ya saa chache, limeyeyuka. Nzi wawili, wote wanafeli mtihani wa jioni, na ugonjwa si mmoja.

Kengele ya prepu imelia, naenda zamu. Nitarudi.

Maembe_Luwero
Mwalimu, hao nzi wa matunda ndio wamenimaliza. Embe kwa nje zuri, ukipasua funza. Na wewe unataka tuwape elimu?

Ticha_Ruti
Pole sana ssebo, ila wako siye wangu. Wako ni mkubwa, rangi ya kahawia na manjano, ana mkia wa kutobolea, anataga ndani ya embe likiwa bado zima mtini. Huyo ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia, huku Afrika alionekana kwanza Kenya mwaka 2003 halafu akasambaa. Wangu ana milimita mbili na nusu hivi, na tunda zima hana habari nalo. Anasubiri lioze, maana anachofuata ni hamira. Tatizo ni kwamba Kiswahili kimewapa wote jina la nzi wa matunda, kwa hiyo wangu analipa madeni ya wako. Okota yaliyoanguka, yafunge kwenye mfuko mweusi, weka juani, funza wafie humo.

Rubisi_wa_Kagera
Hao wadogo hata kwetu Bukoba kwenye rubisi hawakosi. Swali langu ni la mjinga, mnisamehe: nzi unamfundishaje? Anakaa kwenye dawati?

Ticha_Ruti
Si swali la mjinga, ni lenyewe kabisa.

Kifaa kinachotumika zaidi kilitengenezwa na mtafiti Tully na yule Quinn, 1985. Unachukua nzi kama mia moja, unawaweka kwenye bomba ambalo ndani limetandikwa waya wa shaba. Unapitisha hewa yenye harufu ya kwanza kwa dakika moja, na humo ndani shoti fupi fupi kumi na mbili. Unasafisha hewa. Unapitisha harufu ya pili dakika moja, salama salimini. Somo limekwisha. Halafu unawasogeza hadi kwenye njia panda: mkono huu harufu ya kwanza, mkono ule ya pili, dakika mbili wachague. Unafunga milango, unahesabu vichwa kila upande. Unarudia na kundi jingine ukibadilisha harufu ipi inapigwa shoti, ili isije ikawa tu hawaipendi ile moja tangu kuzaliwa.

Nzi wa kawaida akifundishwa mara moja hivyo, karibu tisa kati ya kumi wanakwenda upande salama. Ningepata darasa kama hilo ningestaafu kwa furaha.

Na kumbuka hapa anayesahihishwa ni ukoo mzima, si nzi mmoja mmoja. Nzi mmoja anaweza kubahatisha, kama tu mtoto kwenye maswali ya kuchagua.

Mnubi_wa_Bombo
Sawa, mmeharibu jeni, nzi kafeli. Lakini hata ukivunja gurudumu la gari halitembei, na hiyo haina maana gurudumu ndilo injini. Mnajuaje hiyo jeni inahusika na kujifunza?

Ticha_Ruti
Mjomba, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Walipochunguza dunce kimaabara, wakakuta kinachokosekana ni kimeng'enya (enzyme) cha kusafisha molekuli ndogo iitwayo cAMP ndani ya seli. Hiyo cAMP ni kama kengele ya shule: inalia kuiambia seli "kuna jambo, badilika." Kwa dunce kengele imelia, hakuna wa kuizima. Halafu ukapatikana ukoo mwingine, rutabaga (Quinn alipenda kuwapa majina ya mboga: kuna turnip, kuna cabbage, kuna radish, soko zima). Kwa rutabaga kilichoharibika ni kimeng'enya cha kutengeneza hiyo hiyo cAMP. Yaani huyu kengele yake hailii ipasavyo, yule haizimiki. Wote wawili hawajifunzi vizuri. Koo mbili zilizokamatwa kila moja kivyake, bila mtu kujua jeni zenyewe ni zipi, zikaangukia kwenye kengele moja, moja upande wa kuiwasha, nyingine upande wa kuizima. Hilo si gurudumu tena, mjomba.

Na rutabaga ana utamu wake. Kimeng'enya kile ni kama kadhi asiyekubali shahidi mmoja. Harufu ikija, inaleta kalsiamu ndani ya seli: shahidi wa kwanza. Shoti ikija, inaleta dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli za neva: shahidi wa pili. Wakifika pamoja, ndipo anatengeneza cAMP kwa wingi. Harufu peke yake, hukumu ndogo. Shoti peke yake, vivyo hivyo. Ndiyo maana nzi hajifunzi kuogopa kila harufu aliyowahi kukutana nayo.

Haya yote yanatokea hasa kwenye sehemu ya ubongo inayoitwa miili ya uyoga, maana ina umbo la uyoga kweli. Kila upande una seli kama 2000. Harufu moja inaamsha chache tu kati ya hizo, nyingine inaamsha chache tofauti. Dopamini ikimwagika wakati seli za harufu fulani ziko macho, miunganiko ya seli hizo na seli zinazosema "sogea karibu" inalegezwa. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nililirudia mara tatu. Nilizoea kudhani kujifunza ni kukaza kamba. Kwa nzi, somo la hofu ni kulegeza kamba ile iliyokuwa inamvuta.

Mwaka 2024 ilitangazwa ramani ya ubongo mzima wa nzi jike: niuroni (seli za neva) zaidi ya 139,000 na miunganiko kama milioni 50. Zote kwenye kichwa ambacho ukikiweka kwenye nukta ya sentensi hii unaweza kukikosa.

Binti_S6
Mwalimu shikamoo. Mimi ni mtahiniwa wa mwaka huu. Nasoma usiku kucha wiki ya mtihani, nikiamka asubuhi nakumbuka, baada ya wiki hakuna kitu. Mimi ni amnesiac?

Ticha_Ruti
Marahaba mwanangu. Hapana, wewe ni nzi wa kawaida kabisa aliyefundishwa vibaya, na aliyekufundisha vibaya ni wewe mwenyewe.

Tully na wenzake, 1994. Kundi moja la nzi walilipa masomo kumi mfululizo bila kupumua. Kundi jingine masomo kumi yale yale, ila kati ya somo na somo mapumziko ya dakika 15. Idadi ya masomo sawa, shoti sawa. Waliokandamizwa walikumbuka kwa siku chache, ikapotea. Waliopumzishwa, baada ya siku saba bado walikuwa wanakumbuka. Halafu wakawapa nzi dawa inayozuia seli kutengeneza protini mpya. Kumbukumbu ya waliokandamizwa haikuguswa, ile ya waliopumzishwa ikavurugika. Maana yake kumbukumbu ya kudumu inajengwa, kwa matofali mapya, na fundi anahitaji muda kati ya tofali na tofali. Ukimmwagia lori zima la mchanga usiku mmoja anakaa tu anakuangalia.

Tena hizo kumbukumbu mbili hazipiti njia moja. Ukoo wa radish unakosa ile ya kukandamiza, ya kudumu inajengeka. Kwa hiyo hata neno "kutunza" lina vyumba zaidi ya kimoja ndani yake.

Na ulale. Nzi naye analala, hili lilithibitishwa mwaka 2000.

Binti_S6
Asante mwalimu. Lakini kuna kitu kingine. Wakati mwingine najua jibu, kabisa, nimelisoma, nikikaa kwenye mtihani halitoki. Nikitoka nje ya mlango linakuja.

Ticha_Ruti
Eee. Hapo umefungua jalada la tatu na sikupanga kulifungua leo.

Kuna jeni inaitwa shibire, neno la Kijapani, maana yake ganzi. Nzi mwenye aina fulani ya jeni hiyo, ukipandisha joto hadi nyuzi 30 seli zake za neva zinashindwa kupeleka ujumbe. Ukishusha joto zinarudi kazini. Watafiti wakajifunza kuiweka kwenye seli wanazotaka tu, kwa mfano za miili ya uyoga. Sasa una swichi. Unaweza kumzimia nzi zile seli wakati wa somo tu, au wakati wa kutunza tu, au wakati wa mtihani tu.

Maabara mbili zilitoa matokeo hayo 2001. Ukizima ujumbe unaotoka kwenye miili ya uyoga wakati wa somo na kuurudisha kabla ya mtihani, nzi anafaulu. Ukiuzima wakati wa mtihani, anafeli. Yaani kashika, katunza, mlango wa kutokea ndio umefungwa.

Kwako wewe sisemi ni jeni. Hofu, usingizi, hata kiti kibaya vinaweza kufunga mlango. Ila ukifeli hivyo, neno "hajui" siyo sahihi.

Mama_Thembo_Kasese
Mwalimu, mimi nauza chakula karibu na shule, watoto wengi hawaji mchana maana hawana hela. Wanarudi darasani na njaa. Hao nzi wenu wanasemaje kuhusu tumbo tupu?

Ticha_Ruti
Mama, wanasema na wanasema kwa ukali.

Mwaka 2005 watafiti wawili, Mery na Kawecki, waliwapa nzi mafunzo yale ya kupumzisha, yanayojenga kumbukumbu ya kudumu, kisha wakawanyima chakula na maji. Hao walikufa mapema kuliko wenzao ambao hawakujenga kumbukumbu hiyo. Kukumbuka kunakula nguvu. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa wakaenda mbele zaidi: nzi mwenye njaa, ubongo wake wenyewe unazima ujenzi wa ile kumbukumbu ya kudumu ya hofu. Unachagua kuishi leo kuliko kukumbuka kesho. Na ukiulazimisha uijenge hivyo hivyo, nzi anakufa upesi.

Mtoto si nzi, ana akiba mwilini na ana ubongo mwingine kabisa. Lakini tangu nisome hiyo, kipindi cha saa nane mchana kwa darasa ambalo nusu yake hawajala posho, sifundishi kitu kipya. Tunarudia cha jana. Mwalimu mkuu hajui, msimwambie.

Dokta_Mstaafu_Jinja
Mwalimu, hongera kwa kuandika vizuri, lakini niruhusu nikuvute shati kidogo. Miaka ya 90 tulisoma kwamba wamepata nzi mwenye kumbukumbu ya ajabu: jeni ya CREB ikiongezwa, somo moja linatosha, anakumbuka kama picha. Magazeti yakasema vidonge vya akili vinakuja. Viko wapi?

Ticha_Ruti
Mzee wangu, shikamoo. Umenigonga pale panapouma, maana habari hiyo niliwahi kuisimulia darasani kwa mbwembwe.

Sehemu moja imesimama: 1994 walionyesha kwamba ukiweka aina ya CREB inayozuia, kumbukumbu ya kudumu haijengeki, ile fupi inabaki. Hiyo inaendana na yale ya konokono wa baharini ya Eric Kandel, aliyepata Nobel mwaka 2000. Ile ya nzi wa picha ilitoka 1995. Baadaye, 2004, wengine wakaipima tena, wakakuta jeni iliyopandikizwa kwenye wale nzi ina kasoro inayoizuia kutengeneza protini inayotakiwa, na ule muujiza hawakuuona. Kwa hiyo kuzuia kumethibitika zaidi kuliko kuongeza. Ndivyo ilivyo hata kwa simu, kuiharibu hakuhitaji fundi.

Vidonge, mzee, sivijui. Ninachoweza kusema ni kwamba binadamu nasi tuna ndugu za jeni ya dunce, kundi linaloitwa PDE4, na kuna dawa za mapafu zinazofanya kazi kwa kulizuia kundi hilo. Tuseme karibu robo tatu ya jeni tunazozijua kwa magonjwa ya binadamu zina mwenzake kwa nzi. Undugu si usawa, nakubali.

Dokta_Mstaafu_Jinja
Marahaba. Hapo nimekuelewa. Na hao watafiti wote ni wa ng'ambo tu?

Ticha_Ruti
Hapana mzee. Nzi mwenyewe kwanza ni mzawa, asili yake ni Afrika huku kusini mwa Sahara, Wazungu walimpokea tu akiwa ameshazoea jikoni mwa watu. Na hapa hapa kwetu, Ishaka kule Bushenyi, kampasi ya chuo kikuu cha KIU, watu wa mradi wa DrosAfrica wameendesha warsha za kufundisha Waafrika kutumia nzi hao. Sababu ni ya mfukoni: panya wa maabara anataka kizimba, chakula, mganga na fomu. Nzi anataka chupa na uji. Siku kumi kwenye joto la nyuzi 25 yai limekuwa mzazi.

Rubisi_wa_Kagera
Na wewe mwalimu, umejaribu mwenyewe au unatusomea tu?

Ticha_Ruti
Umenishika. Nimejaribu, na nimeaibika.

Koo za dunce sina. Nilitaka tu darasa lione nzi akijifunza. Kuna njia isiyohitaji umeme: nzi kwa asili anakimbilia mwanga, na anaonja kwa miguu. Unampa chumba cha giza na chumba cha mwanga, kwenye mwanga unatandika karatasi iliyolowa kwinini. Akiingia, ladha chungu miguuni. Baada ya kurudia mara kadhaa anaanza kusita mlangoni. Kwinini, kitu ambacho kila mtoto wa Uganda aliyewahi kuugua malaria anakijua uchungu wake, walinielewa bila maelezo.

Wiki ya kwanza tulitega bogoya kwenye chupa nyuma ya jiko la shule, wakajaa. Tulipowatazama kwa lenzi nikakuta wengi wana mistari myeupe mgongoni. Hao ni Zaprionus, binamu, siyo wenyewe. Tukaanza upya kuwachambua mmoja mmoja, tukiwalaza kwa barafu ya muuza soda. Wiki ya pili tulikuwa na chupa sita safi. Jumatatu asubuhi nafungua kabati, sisimizi wamepita. Chupa sita, mbawa tupu zimebaki.

Wanafunzi hawakucheka. Mmoja, yule aliyeandikwa "mzito" kwenye ripoti niliyosema juu, akauliza kama sisimizi nao wanakumbuka njia waliyopitia, au kila usiku wanaitafuta upya. Sikuwa na jibu tayari. Nikamwambia alete swali hilo Alhamisi.

Maembe_Luwero
Na Alhamisi?

Ticha_Ruti
Alikuja na unga wa ngano. Alimwaga kwenye njia yao ukutani ili aone watazungukia wapi. Kipindi kizima kikaishia hapo, mada ya urithi haikuguswa.

Mnubi_wa_Bombo
Miguu ya meza iweke kwenye makopo ya maji, mwalimu, matone mawili ya mafuta ya taa juu. Mama yangu alihifadhi sukari hivyo miaka thelathini.

Ticha_Ruti
Mafuta ya taa mvuke wake utawaua nzi wangu, mjomba. Nitaweka maji na sabuni. Chupa mpya nimetega leo jioni. Uji wa unga wa mahindi, sukari, hamira kijiko, siki kidogo kuzuia ukungu, pamba mdomoni. Nikipata safi nitarudi hapa hapa kuwaambia.